Sufi, Upepo wa Same na Mzee Shabani

Juzi nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Same nikaona bodaboda inapita kuelekea barabara ya mlimani. Dereva mbele, kijana mwingine nyuma, na juu ya kichwa cha huyo wa nyuma godoro la sponji, sita kwa sita, bado liko ndani ya nailoni yake. Upepo wetu mnaujua. Godoro lilikuwa linanyanyuka na kushuka kama lina safari yake lenyewe. Kijana amelishika kwa mikono yote miwili, macho amefumba. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kicheko kilipoisha nikabaki nimekaa, chai ikapoa, na mawazo yakanirudisha kwenye kazi ambayo nyinyi vijana hamkuikuta.

Jina langu Elinami. Wengi mnanijua kwa lile duka la magodoro karibu na soko, ambalo sasa analiendesha binti yangu Upendo. Mnadhani nilianza na sponji. Hapana, nilianza na sufi. Na kabla ya sufi nilianza chini, kama watu wengi wa umri wangu.

Nimezaliwa Myamba, kwenye baridi. Sisi watoto tulilala juu ya ngozi ya ng'ombe, na chini ya ngozi majani makavu ya migomba. Majani yale yana kelele. Ukijigeuza, ndugu zako wote wanajua umejigeuza, na mama chumba cha pili anauliza, "Nani hajalala huko?" Yakishasagika kuwa vumbi tunayatoa, tunakwenda shambani kuleta mengine. Siku ya majani mapya ilikuwa sikukuu. Tuliyarukia mpaka baba anakuja na fimbo. Nimelala kwenye magodoro ya kila aina tangu siku hizo, mengine ya bei ambayo sitawatajia, na sijapata usingizi kama ule.

Baba na mama walikuwa na kitanda cha kamba. Matendegu manne, yaani miguu, ya mti mgumu, mifumbati minne ya pembeni imechomekwa kwenye matendegu, na kamba ya katani imesukwa katikati. Kitanda kile watu walikiita teremka tukaze, na jina lenyewe linaeleza. Kikilaliwa mwezi mmoja kinabonyea, mnakutana katikati mpende msipende. Hapo mmoja anamwambia mwenzake teremka, tukaze. Wanashuka, wanavuta kamba upande wa miguuni, mmoja anavuta mwingine anakanyaga fundo lisirudi nyuma. Nimewaona wazazi wangu wamegombana tangu asubuhi hawasemeshani, lakini kitanda kimelegea, itabidi mmoja avute na mwingine akanyage. Wakimaliza kukaza, ugomvi nao umeisha. Vitanda vyenu vya chaga ni vizuri, sikatai. Ila havimlazimishi mtu kuzungumza na mwenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoteremka Same na viroba vya tangawizi. Mnunuzi tuliyekubaliana naye hakutokea siku hiyo wala ya pili. Nilikaa kwenye kivuli cha banda moja karibu na stesheni ya reli, nikilinda viroba vyangu. Ndani ya banda kulikuwa na mzee mwenye kofia ya kitambaa, anashona kitu kikubwa chenye mistari ya buluu na nyeupe. Akaniangalia muda mrefu.

"Wewe wa mlimani," akasema. "Mikono yako inafanya nini hapo?"

"Shikamoo, Mzee. Imekaa tu."

"Marahaba. Mikono haikai. Ingia ushike fimbo."

Huyo ndiye Mzee Shabani. Ukoo wake ni watu wa huku bondeni, wafanyabiashara na Waislamu tangu enzi za mababu zao, na hakuna nyumba kubwa katika mji huu iliyokuwa haina godoro la mkono wake. Tangawizi niliuza siku ya nne. Kurudi Myamba nilirudi kusalimia tu. Nilikaa na yule mzee miaka kumi na saba.

Sasa niwaeleze sufi, maana wengine mkisikia neno hilo mnafikiria sweta. Sufi inatoka kwenye mti wa msufi. Msufi unazaa maganda marefu, na jua kali likipiga maganda yanapasuka, ndani kuna kitu cheupe, laini, chepesi, utadhani umeshika hewa. Ndani ya weupe huo kuna mbegu nyeusi. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuzitoa. Tulitandaza sufi juu ya kitanda cha kamba ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, tukajifunga vitambaa puani, tukaichapa kwa fimbo mbili nyembamba. Sufi inafumuka inakwenda juu, mbegu zinapita kati ya kamba zinaanguka chini. Ukitoka humo umekuwa mzee wa miaka mia, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Mke wangu Nakijwa, wakati bado tunachumbiana, alinikuta mlangoni nimetoka kuchapa. Akaniamkia shikamoo, kwa heshima kabisa. Nilimkumbusha jambo hilo mpaka Mungu alipomchukua.

Baada ya kuchapa unashona mfuko kwa kitambaa kizito, unaacha mdomo ubavuni. Mzee Shabani hakuniruhusu kujaza kwa miezi mingi. Nilipoanza, nilifanya kama ambavyo mngefanya nyinyi, nikashindilia katikati. Akanishika mkono.

"Anza pembeni. Jaza kona nne kwanza, kwa vidole, kidogo kidogo. Katikati patajaa penyewe. Ukianza katikati, kona zitabaki njaa, na mtu akikaa kwenye kona ataanguka."

Halafu kuna kupitisha uzi. Sindano ndefu kama mkono mpaka kiwiko, inaingia juu inatokea chini, inarudi, unafunga fundo juu ya kipande kidogo cha ngozi ili kitambaa kisichanike. Hiyo ndiyo inayozuia sufi isihame. Ukikaza sana godoro linakuwa jiwe, ukilegeza asubuhi mtu anaamka sufi yote iko miguuni. Mzee alipima kwa sikio. Alivuta uzi, akausikiliza. Nilidhani ananitania, hadi mwaka wa tatu hivi nikaanza kuusikia na mimi.

Godoro likiisha alilijaribu mwenyewe. Alivua viatu, akajilaza, akafumba macho. Akikoroma, limepita. Asipokoroma anainuka, anasema, "Fumua." Siku moja mteja amekuja kutoka Hedaru, gari linamsubiri nje linapiga honi, mzee amelala fofofo juu ya godoro la watu. Mteja ananiuliza, "Huyu tutamwamshaje?" Nikamwambia asubiri, hiyo ni dalili nzuri.

Makosa niliyafanya mengi. Nitawapa mawili.

La kwanza ni upepo. Nilikuwa nimechapa magunia mawili ya sufi, safi, haina mbegu hata moja. Mzee amekwenda kuswali. Nikaona chumbani joto, nikafungua dirisha, nikafungua na mlango. Wenyeji wa Same mmeshaelewa. Upepo uliingia dirishani ukatoka mlangoni na magunia yote mawili. Stesheni nzima ikawa nyeupe. Sufi ilikwenda kwenye chai za watu, kwenye nywele za akina mama, kwenye mbuzi. Abiria wa treni walikuwa wanauliza hapa kunanyesha nini. Mzee alirudi kutoka msikitini, sufi imemjaa kwenye kofia, akasimama mlangoni. Nikajua leo narudi Myamba. Akaangalia dirisha, akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Umeona joto?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa limepungua?"

Nilikuwa naokota sufi kwenye miiba ya michongoma kwa siku tatu.

La pili halikuwa la kuchekesha. Mwalimu mmoja wa Usangi alikuwa anaoa, akaagiza godoro la harusi. Mzee alinipa mimi nilitengeneze peke yangu, la kwanza. Nilikuwa na haraka, nikachapa nusu nusu, mbegu zikabaki. Mbegu za sufi zina mafuta, na panya anazipenda kuliko mahindi. Wiki ya pili baada ya harusi shangazi wa bibi harusi aliteremka Same na godoro limetobolewa matundu sita, akalitupa chini mbele ya banda, watu wamejaa. "Mwanangu ameolewa na panya!" akapiga kelele. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee Shabani akasimama, akamwamkia kwa adabu, akasema, "Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye fundi." Kesho yake tulipanda naye gari la Usangi na godoro jipya, akaingia nyumba ya mwalimu akaomba radhi mbele ya wazee wao, mimi nimesimama nyuma yake nimeinamisha kichwa. Njia nzima ya kuteremka nilisubiri anigombeze. Tulipofika Mwanga akaninunulia mahindi ya kuchoma.

Nawaambia haya mjue alikuwa mtu gani kwangu, ili mtakaposikia nililomfanyia mlipime vizuri.

Nilipooa, alinikataza kugusa godoro langu mwenyewe. Alilishona yeye, akalileta kanisani siku ya harusi juu ya mkokoteni. Kila mwaka mwezi wa kwanza, kabla upepo haujaamka, mimi na Nakijwa tulilitoa uani, tukafungua mdomo wake, tukatoa sufi tukaichambua kwa vidole, tukaianika, tukairudisha. Kazi ya asubuhi moja. Tulianza kimya, tukamaliza tumeongea kila kitu cha mwaka mzima. Watoto wakizaliwa, wakiumwa, wakifaulu, tuliyazungumza mambo hayo na sufi mikononi. Siku hizi mwezi wa kwanza ukifika natoka uani asubuhi nasimama tu. Vidole vinatafuta kitu.

Kisha ikaja sponji.

Lori la kwanza lilisimama karibu na soko, na magodoro yamekunjwa kama chapati. Muuzaji alikata kamba ya moja, likajifungua lenyewe likalala. Akabonyeza kwa ngumi, akaachia, shimo likarudi juu. Watu walipiga makofi. Watoto wakalirukia. Na mimi nilibonyeza. Nilibonyeza mara nyingi.

Nilirudi bandani. Mzee alikuwa anapitisha uzi.

"Mzee, nataka tuongee."

"Ongea. Nakusikia."

"Yule wa lori anatafuta mtu wa kumuuzia hapa Same. Nimefikiria tuichukue sisi, wewe na mimi."

Akavuta uzi mpaka mwisho. "Lile godoro nani kalishona?"

"Halishonwi, Mzee. Linatoka kiwandani hivyo hivyo."

"Likibonyea, nani analifumua?"

"Halifumuliwi. Likichoka mtu ananunua lingine."

"Sasa mimi na wewe tutakuwa pale tunafanya nini?"

"Tunauza."

Akakata uzi kwa meno. "Basi wewe kauze. Mimi nina kazi."

Nikaenda kuuza. Hapo sijioni nimekosea, nisiwadanganye. Sponji iliwainua watu chini. Mama mwenye watoto sita hakuwa na uwezo wa godoro la sufi, lakini la sponji, hata jembamba, alilipata. Niliyokosea ni mengine. Nilipokodi chumba, nilikodi kile kilichokuwa kinatazamana na banda lake, ng'ambo ya barabara, kwa sababu wateja walikuwa wameshazoea kuja pale. Na siku moja mteja wake wa zamani alisimama katikati, hajui aende kwa nani. Nami nikamwita kwa sauti, "Njoo huku, mama! Yale ya sufi yana kunguni!"

Yalikuwa hayana kunguni. Hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pake, sindano mkononi. Alisikia. Sindano ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tangu siku hiyo, kwa miaka tisa, tulikuwa na maneno mawili. Kila asubuhi nilipofungua duka nilisema, "Shikamoo, Mzee." Naye, bila kuinua kichwa, "Marahaba." Hakuninyima hata siku moja, na hakuongeza hata siku moja. Siku nyingine nilipanga nivuke barabara. Barabara yenyewe haina hatua ishirini. Nikifika ukingoni linapita gari, basi nalifanya hilo kuwa sababu, narudi ndani.

Wateja wake waliisha mmoja mmoja. Mwishowe akawa anatengeneza mito tu, na akafunga banda. Nilikuwa nimefanikiwa. Asubuhi ya kwanza nilipofungua nikatazama ng'ambo kuna kufuli, nikasema "Shikamoo" kwa mazoea, ikabaki hewani.

Mwaka uliofuata Bi Rehema, mkewe, aliingia dukani kwangu mchana. Sikumtegemea. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye godoro la kwanza alilolikuta.

"Elinami, mzee wako ameanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa, na maneno yamekwenda. Sasa mgongo umeanza kutoka vidonda. Hospitali wamesema tutafute godoro laini."

Nilimpa nene kuliko yote, nikalibeba mwenyewe mpaka kwake. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha zamani cha kamba, amekonda, macho yale yale. Nikasema shikamoo. Midomo ikatikisika, haikutoka marahaba. Ilikuwa mara ya kwanza kuikosa naye yupo, na nilitoka nje upesi.

Wiki tatu baadaye Bi Rehema akarudi.

"Njoo uone mwenyewe," akasema. "Lile godoro lako linammeza."

Nikaenda. Muuguzi aliyekuwa anakuja kumsafisha alimgeuza ubavu nikaona. Sitawasimulia nilichokiona kwenye makalio na visigino. Godoro lilikuwa limebonyea pale pale anapolala, limeshika joto la Same na jasho lake, na shuka limelowa. Muuguzi akaniambia, "Mgonjwa huyu anahitaji kitu kinachopitisha hewa, na cha kunyanyua hizi sehemu zisigusane na chini. Na ageuzwe kila baada ya saa mbili." Bi Rehema alinitazama tu.

Nikasema, "Mama, nipe siku chache."

Kwanza sufi. Vijana, nilizunguka bondeni siku mbili. Misufi niliyoijua yote imekatwa, mahali pengine kuna kibanda cha kuuza vocha, mahali pengine kuna kisiki. Makanya ndipo nikamkuta mama mmoja ana mti mmoja nyuma ya zizi, na maganda yamerundikana chini.

"Sufi?" akacheka. "Mmenunua sponji miaka yote hii, mmeniachia mti unanijazia takataka uani. Leo mnaitaka ya nini?"

"Kuna mzee anaumwa, mama. Ndiye aliyenifundisha."

Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na magunia matatu. Akanisaidia kuyajaza.

Nilijifungia kwenye stoo nikachapa. Mikono ilikuwa imesahau. Ilikuwa mizito, fimbo zinagongana, nakohoa kama mgeni. Nilichapa sufi ile mara tatu, nikaipekua kwa vidole mpaka nikahakikisha haina hata mbegu moja. Kisha nikashona mifuko mitatu badala ya mmoja, wa kichwa na mabega, wa kiuno, wa miguu, na wa nne wa akiba, ili ule wa kiuno ukilowa utolewe uanikwe na wa akiba uingie. Wa kiuno niliujaza kidogo upande wa kati na zaidi pembeni. Wa miguu niliumalizia kabla ya visigino, vining'inie. Hayo sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nauliza moyoni angefanyaje yeye.

Nilipoileta, Bi Rehema na mimi tulimketisha kwenye kiti, nikaipanga ile mifuko mitatu mbele yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado mzima. Akaupeleka juu ya mfuko wa kwanza, akautembeza taratibu, vidole vinatafuta. Vikasimama. Akabonyeza. Akaniangalia.

"Tena," akasema.

Nilishtuka. Bi Rehema akasema, "Ndilo neno lililobaki. Uji, tena. Nikimgeuza, tena. Adhana ikilia, tena. Hatujui anataka nini."

Mimi nilijua. Nilibonyeza pale alipobonyeza, kulikuwa na bonge dogo, kama punje ya maharage. Nikakaa sakafuni, nikafumua mshono, nikachambua, nikajaza upya, nikashona. Nikampa. Mkono ukapita, ukasimama kwenye kona.

"Tena."

Nikafumua. Mchana wote nilikaa sakafuni pale, mtu mzima mwenye wajukuu, nafumua na kushona. Mara ya nne mkono ulipita mpaka mwisho bila kusimama. Akaegemea kiti akafumba macho. Bi Rehema akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka miezi mingi, anajifuta na mtandio. "Huyu mwanamume," akasema, "hata ulimi umekufa bado anafundisha."

Baada ya hapo nilikwenda kila siku alasiri. Nilimgeuza na Bi Rehema, nilitoa mfuko wa kiuno nikauanika, nilichambua sufi iliyoshikana. Muuguzi naye alifanya yake. Kidonda cha kisigino kilifunga kwanza. Vile vya mgongo vilichukua miezi.

Siku moja tulikuwa wawili, Bi Rehema amekwenda sokoni. Nilikuwa nimekaa karibu na kichwa chake nachambua sufi. Nikaweka chini.

"Mzee," nikasema, "nilikukosea. Nilisema magodoro yako yana kunguni. Nilisema uongo, nawe ulinisikia. Naomba unisamehe."

Akanitazama sana. Midomo ikahangaika.

"Tena," akasema.

Sikujua kama ndilo neno lake la kila kitu au ananiamuru. Nikarudia yote, tangu mwanzo, na mteja yule, na chumba nilichokodi mbele yake.

"Tena."

Nikarudia mara ya tatu. Sasa yalikuja yote, hata ambayo sikuyapanga, ile barabara isiyo na hatua ishirini, yale magari niliyojifanya nayasubiri yapite. Nilipomaliza sikuwa na kitu kingine cha kusema. Safari hii hakusema "tena". Mkono wa kushoto ulitoka chini ya shuka ukashika mkono wangu, akaushikilia mpaka Bi Rehema aliporudi na kikapu.

Aliishi miaka miwili mingine. Alifariki asubuhi, baada ya uji, amelalia ubavu. Mimi ni Mkristo, sikuingia kwenye chumba cha kuoshea. Nilikaa nje kwenye mkeka na wazee wengine. Mmoja wa waliomwosha, binamu yake, alitoka anajifuta mikono, akanitafuta kwa macho, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Elinami," akasema, "mgongo wake ni mzima. Hauna hata jeraha. Mtu aliyelala miaka mitatu."

Nikainuka haraka kwenye mkeka. Nilikuwa nageuka kwenda ndani kumwambia mzee mwenyewe.